Bawaba za Dirisha la Jikoni na Safari ya Mama Yako

Mtaa wa Kanisani,
El Mina, Tripoli,
Lebanoni.

27 Septemba 2018

Mpendwa mwanangu Ghattas,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na mkeo Marilda na binti zenu wawili, ambao kwa picha naona sasa wamenipita kimo. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima huko Curitiba, na kwamba ile figo uliyopandikizwa inaendelea na kazi yake kimya kimya, bila kukukumbusha kwamba ipo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kulia na sikio la kushoto. Mama yako ni mzima kunishinda mimi, na katika barua hii utaona kwamba hilo si jambo jepesi.

Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Umenitumia ujumbe mara tatu kwenye simu, na mara tatu nimejibu kwa neno moja, jambo ambalo mabruda walionisomesha wangeliita utovu wa adabu. Ukweli ni kwamba simu hainitoshi. Kila nikianza kueleza, kidole kinabonyeza pasipotakiwa, na ujumbe unakwenda ukiwa nusu.

Uliniuliza swali moja tu: je, mama yako atapanda ndege tarehe 14 Oktoba, au hapandi? Ni swali la haki, kwa kuwa wewe ndiye uliyenunua tiketi na kumwandalia chumba. Nitalijibu, lakini nivumilie, kwa sababu jibu lenyewe linapitia kwenye kidau, na hicho kidau kimenichosha mwaka huu kuliko miaka yote thelathini na minane niliyofundisha hesabu.

Unajua habari ya nadhiri, na bado nairudia ili baadaye isisemwe kwamba sikueleza. Mwaka ule ulipolazwa, shemeji Takla alimwahidi Mtakatifu Foka kwamba, ukisimama tena kwa miguu yako, atampelekea debe la mafuta ya zeituni kwenye kikanisa chake kule kisiwani, siku ya sikukuu yake, kwa mikono yake mwenyewe na kwa miguu mitupu. Wewe ukasimama. Miaka ya mwanzo marehemu Afifa wangu alikuwa mgonjwa, na mama yako hakutaka kutoka kando ya mdogo wake. Kisha tukawa na msiba. Sasa ilipofika tiketi yako, aliiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria, akasema haondoki nchi hii kabla mtakatifu hajapata mafuta yake. Nilijaribu kumweleza kwamba ndege haingoji watakatifu. Alinitazama kama mtu aliyenisamehe.

Pale kisiwani, kama unavyokumbuka, motaboti haisogei karibu kwa sababu ya miamba. Lazima utie nanga nje, kisha uingie kwenye kidau na kupiga makasia. Mwaka jana tulikivuta kidau nyuma kwa kamba, kama wafanyavyo watu wote wa bandari hii. Kamba ikalegea, ikajisokota kwenye rafadha, injini ikazimika. Nilipomaliza kuikata kwa kisu cha mkate, mama yako alikuwa ameshaamua kushuka mwenyewe. Aliweka mguu mmoja ndani ya kidau, mwingine akauacha kwenye motaboti, na bahari ikavitenganisha. Zile wiki sita alizolala kwa ajili ya nyonga unazijua. Usilolijua ni alilosema alipoamka: kwamba atakwenda tena, lakini hataingia kamwe kwenye chombo kinachomkimbia.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza: kukifunga kidau kwenye tezi ya motaboti, huko nyuma, kisafiri bila kuvutwa, na kikishuka majini kitulie mpaka ajuza wa miaka themanini na mitatu awe ameketi.

Picha ulizonitumia nilizipokea zote kumi na moja. Ile mikono miwili ya chuma king'aacho, inayonyanyua kidau kwa kubonyeza kitufe, ni kazi nzuri sana, na ninamheshimu aliyeibuni. Lakini mwanangu, bei yake ni pensheni yangu ya mwaka mzima. Motaboti yenyewe, kama ningeiuza leo pamoja na mimi ndani yake, isingefikia bei hiyo. Niwie radhi kwa kusema hivyo. Najua ulikuwa na nia njema.

Kwanza nilikilaza kidau juu ya ule ubao wa nyuma tunaokanyaga tunapotoka kuogelea, nikakibana kwa mikanda ya kufungia mizigo ya gari. Bandarini kilitulia kama paka. Nje ya ukuta wa kuzuia mawimbi kilianza kutembea. Nilipogeuka, kilikuwa kinaburutwa kwa mkanda mmoja, kikichota maji kama mwiko.

Nikaenda kwa Misbah, yule fundi wa kuchomelea mwenye karakana nyuma ya soko la samaki. Ni mtu mwema, mwaminifu, na hasikii anachoambiwa. Nilimwomba kitu chepesi. Akaniletea mikono miwili aliyoitengeneza kwa kitanda cha chuma cha marehemu mama mkwe wake, akaifunga kwenye tezi kabla sijamaliza kusema hapana. Motaboti ikachuchumaa. Bomba la moshi likazama, likawa linagugumia majini kama mtu anayesukutua koo. Shukri, ambaye boti yake imefungwa jirani na yetu na ambaye hajawahi kukosa la kusema, akapaza sauti mbele ya bandari nzima:

“Mwalimu! Kitanda nakiona, mgonjwa yuko wapi?”

“Mgonjwa si wewe?” Misbah akamjibu bila kugeuka. “Njoo ulale, tukupige sindano ya ulimi!”

Nilimwomba Misbah aitoe ile mikono. Alinuna siku mbili. Nikaenda kumwomba radhi, ingawa hata leo sijui kosa langu lilikuwa nini.

Aliyepata suluhisho ni mama yako, na alilipata kwa hasira. Alikuwa jikoni kwangu, akinisomea mashtaka kuhusu ule uzembe wangu wa mwaka jana, huku akisukuma zile mbao za nje za dirisha ili apate mwanga wa kuchambua majani ya mloukhia.

“Shemeji,” akasema, “hili dirisha mbona halikimbii? Zito, linapigwa na upepo wa bahari tangu enzi za baba yako, na lipo palepale.”

“Kwa sababu lina bawaba, shemeji.”

“Basi kitie bawaba hicho kidau chako, mniache nipumzike!”

Alisema hivyo akarudi kwenye majani yake. Mimi niliketi pale kama mwanafunzi aliyeonyeshwa kosa ubaoni.

Sasa nakueleza jinsi ilivyofanyika, kwa sababu najua na wewe una boti yako huko, na yawezekana usihitaji tena kutazama zile picha za bei ya dhahabu. Niling'oa bawaba mbili za lile dirisha, za chuma cha zamani, kila moja kubwa kama kiganja. Upande mmoja wa kila bawaba tuliufunga kwa bolti kwenye ukingo wa nje wa ule ubao wa kukanyagia, na upande wa pili kwenye mdomo wa kidau, ubavuni. Kwa ndani tuliweka kipande cha mti mgumu, na kati ya mti na kidau tukatia mpira uliokatwa kwenye tairi lililokufa, maana faiba ikibanwa na chuma kitupu hupasuka. Kisha tukafunga kamba kwenye ubavu wa pili wa kidau na kuipitisha kwenye kapi lililoning'inizwa juu ya nguzo ya paa. Ukivuta kamba, kidau kinainuka kwa ubavu na kusimama wima nyuma ya motaboti, kama dirisha lililofungwa. Ukiilegeza, kinalala majini taratibu, na bado kimeshikwa. Gharama yote ilikuwa ni bolti, mpira usio na mwenyewe, na sahani ya knafe tamu aliyoidai Misbah kabla ya kushika bisibisi.

Nakiri kosa moja, na ni langu. Bawaba za madirisha ya kwetu hazifungwi. Nusu ya juu hukaa juu ya msumari wa nusu ya chini kwa uzito wake tu, ndiyo maana unaweza kulinyanyua dirisha lote ukitaka kulipaka rangi. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilisahau kwamba dirisha husimama ilhali kwenye boti zile bawaba zimelazwa. Tulipotoka kwa majaribio, wimbi la meli ya mizigo likatuyumbisha, na kidau kikachomoka kwa upande, kwa adabu kabisa, kikabaki kinaning'inia kwenye kamba ya kapi. Shukri aliliona hilo pia. Misbah akatoboa tundu kwenye ncha ya kila msumari na kupitisha pini ya kuzuia. Tangu hapo hakijachomoka, isipokuwa tukitaka wenyewe.

Sasa nifike kwenye sikukuu, Jumamosi tarehe 22.

Mama yako alitoka nyumbani kwake kwa miguu mitupu saa moja asubuhi, debe la mafuta kifuani, akakataa gari. Tulimpandisha, kidau kikasimama vizuri nyuma yetu, na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona hodari. Tukafika kwenye kituo cha ukaguzi kilichoko mdomoni mwa bandari. Siku hizi kila chombo kinachotoka lazima kisomwe jina na namba, kwa sababu ya wale wanaojaribu kuvuka kinyemela kwenda Saiprasi. Na jina letu na namba yetu, mwanangu, vimeandikwa kwenye tezi. Yaani nyuma ya kidau.

Sajini wa zamu anaitwa Haytham. Nilimfundisha baba yake.

“Mwalimu, chombo hiki hakina namba,” akasema.

“Ninayo, Sajini. Ipo nyuma ya hicho kidau. Wewe mwenyewe umeisoma wiki iliyopita.”

“Mimi nakujua, Mwalimu. Kitabu hakikujui.”

Nikamwambia tutashusha kidau aisome, kisha tukiinue. Akasema, kwa heshima kubwa, kwamba namba inatakiwa ionekane wakati chombo kinakwenda, siyo wakati kimesimama, kwa sababu askari wa doria walioko baharini na darubini hawawezi kutuomba tufungue dirisha. Naomba uelewe kwamba alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu asiye na haki unaweza kubishana naye.

Tukamshusha mama yako gatini. Aliketi juu ya sanduku la vifaa la Misbah, nyayo zake juu ya gunia lililolowekwa maji kwa sababu mawe yalikuwa yameshapata moto, debe mapajani. Hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa anatazama kisiwa, na midomo yake ilikuwa inahesabu, nami nilijua anahesabu siku kati ya hapo na tarehe 14, na kwamba hakuna sikukuu nyingine ya Foka katikati yake.

Misbah akakimbilia karakana na kurudi na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Tukakitoa kidau, tukakipindua gatini, naye akaandika jina na namba chini ya tumbo lake kwa tarakimu kubwa.

“Andika haraka!” mama yako akampigia kelele. “Mtakatifu hana siku nzima ya kukungoja wewe na maandishi yako!”

“Mama, niharakishe au niandike vizuri? Chagua moja.”

“Vyote viwili! Kwani Mungu alikupa mkono mmoja?”

Tukakirudisha kwenye bawaba, tukavuta kamba. Kidau kikainuka, na namba ikainuka nacho, kichwa chini miguu juu. Misbah alikuwa amesimama upande usio wenyewe. Nilivua kofia, nikaivaa tena, kwa kuwa neno lililonijia halisemeki mbele ya shemeji yangu.

Sajini Haytham aliinamisha shingo mpaka sikio likakaribia bega.

“Mwalimu, namba yako imesimama kwa kichwa.”

“Naiona, Sajini.”

“Baba alinisimulia ulimchapa kwa kosa dogo kuliko hili.”

“Nilikosea kumchapa. Mfikishie radhi zangu leo hii. Tunaweza kwenda?”

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kituo. Kisha akaandika kitabuni, akagonga kofia yake kwa heshima mbele ya mama yako, akasema, “Namba imeonekana. Haikuandikwa popote kwamba lazima isimame. Niombee na mimi, Mama.” Nikaongeza mwendo kabla hajakumbuka kanuni nyingine.

Njiani kidau hakikutikisika hata kidogo. Tulitia nanga nje ya miamba. Bahari haikuwa shwari. Kulikuwa na mawimbi yale ya chini chini, ya aina iliyomwangusha mwaka jana. Misbah alilegeza kamba na kidau kikalala majini, mdomo wake umeshikana na ubao. Motaboti ikipanda, nacho kinapanda. Ikishuka, kinashuka nayo. Mama yako aliketi ukingoni, akakitazama kwa muda mrefu, akakisukuma kwa kidole cha mguu.

“Shemeji,” akasema, “leo hakinikimbii.”

Akageuza miguu, akaingia, akaketi. Hakuna aliyemshika. Nilikuwa nimenyoosha mikono yote miwili, na ikabaki hivyo hivyo hewani. Hapo ndipo Misbah alipochomoa zile pini na kushika makasia, nami nikabaki kwenye motaboti kulinda nanga. Niliwatazama kwa darubini ya baba. Yale mawe ya kisiwani ni makali kama ganda la chaza. Alipanda kwa miguu mitupu, akasimama mara nne, debe hakumpa mtu. Kikanisa hakina paa, kwa hiyo niliuona utosi wa nywele zake nyeupe juu ya ukuta, na baadaye uzi mdogo wa moshi wa taa. Nilivua kofia. Wewe u hai huko Curitiba, nikasema moyoni, na taa ile kule imewashwa kwa ajili hiyo.

Ningependa sana barua hii iishie hapo, na jibu langu liwe: atapanda. Na kweli, mwanangu, atapanda. Ameshafungasha. Amewapimia wajukuu zaatari kilo tatu. Lakini alikaa kule ndani muda mrefu kuliko taa moja inavyohitaji, na aliporudi na kuketi karibu yangu, hakunitazama usoni.

“Shemeji,” nikamwuliza, “kumetokea nini?”

“Hakuna. Nimemshukuru.”

“Saa nzima?”

“Na nikamwambia kuhusu ndege.” Akarekebisha kitambaa kichwani. “Mimi sijawahi kupanda ndege, Nakhle. Na bahari ile ni kubwa. Nimeweka nadhiri nyingine.”

Nadhani nilizima injini.

“Ndogo tu,” akasema.

“Nadhiri ndogo ikoje, shemeji?”

“Nikifika salama na kuuona uso wa Ghattas, nitamletea debe jingine. Sikukuu ijayo. Kwa miguu yangu.”

Misbah aligeukia upande wa bahari ili nisione anavyocheka. Mimi nilitaka kusema mambo mengi. Nilitaka kusema kwamba nimeng'oa dirisha la nyumba ya baba yangu, nimechekwa na bandari nzima, na nimeomba radhi kwa watu wawili ambao mmoja wao nilimchapa mwaka 1971, yote ili aondolewe kizuizi kimoja kilichomzuia kuja kwako. Na kwamba amekitoa hicho na papo hapo akaweka kingine badala yake, kwa hiari, bila mtu kumwomba. Nikasema, “Vema, shemeji,” nikawasha injini.

Kwa hiyo, mwanangu, tafadhali badilisha ile tiketi ya kwenda tu. Itabidi iwe ya kwenda na kurudi, na awe amefika hapa kabla ya tarehe 20 Septemba mwakani, apate siku mbili za kupumzika. Najua ulimtaka akae nanyi moja kwa moja, na najua chumba umekipaka rangi. Nakuomba radhi kutoka moyoni. Nilitumwa kumwondolea kamba, nikamrudisha amefungwa kwa ndefu zaidi.

Jambo moja sipendi kukuficha, kwa kuwa sikulelewa kuficha. Padri Athanasi ana mamlaka ya kumfungua mtu nadhiri kwa sala moja fupi, hasa ajuza wa umri wake. Inachukua dakika tano baada ya ibada, na hutolewa bila ubishi kwa mtu anayeombewa na jamaa zake. Mimi hukutana naye kila jioni mlangoni mwa kanisa, na kila jioni tunazungumza kuhusu hali ya hewa. Sijamwambia, Ghattas. Wala sina nia ya kumwambia.

Nisalimie Marilda, na Nayla, na Beatriz, na kaka yako Nassif utakapompigia huko São Paulo. Misbah anakusalimu na anauliza kama huko mnachomelea kwa gesi au kwa umeme. Mungu aliyekusimamisha akuweke ukiwa umesimama, akujalie meza yenye watu, na ampitishe mama yako juu ya maji yale makubwa pasipo hofu.

Mimi ni baba yako mdogo, akupendaye hata anaponung'unika,

Nakhle Sabbagh